Bastola ya Kijapani na Futari ya Mtaa Mzima

Nilipooa Mambrui nilipata mke, godoro la sufi na baba mkwe. Mke na godoro havikunisumbua hata siku moja.

Baba mkwe alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu nyeupe, aliyetembea kana kwamba anakwenda kugombana na mtu, hata alipokuwa anakwenda kuswali. Mimi kazi yangu ni ufundi wa saa. Katika miaka ile ya themanini nilikuwa na kibanda changu Malindi mjini: meza, taa, na mashine ndogo ya kukereza vyuma niliyoachiwa na fundi aliyenifunza. Asubuhi moja, Shaabani inaelekea kwisha, baba mkwe aliingia bila hodi, akaweka kikapu cha ukili juu ya saa ya mtu niliyokuwa nimeifungua vipande vipande.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe waweza kutengeneza kitu kisichokuwa saa?"

Nikasema yategemea kitu chenyewe. Akatoa fungu la mchicha, akaliweka pembeni. Akatoa la pili. Akafunua kanga kuukuu, na ndani ya kanga ilikuwamo bastola.

Nilisimama, nikaenda kufunga mlango. Baba mkwe akaniambia niufungue, yeye si mwizi. Bastola ilikuwa na cheti cha polisi, na cheti hicho kilikuwa na umri kunishinda. Kisha akanieleza kwa hasira yaliyompata njiani. Pale darajani Sabaki askari walilisimamisha gari wakauliza kila abiria amebeba nini. Yeye akajibu kweli tupu, kwa sauti: "Nimebeba bastola ya Mjapani." Askari alicheka mpaka akashika kiuno. "Pita, mzee, usije ukatumaliza," akamwambia. Baba mkwe alikuwa ameshakitoa cheti, amekikunjua, na hapana aliyekitupia jicho.

Bastola aliitoa Burma, alikokwenda vitani ujana wake akiwa askari wa Mwingereza. Namna alivyoipata ilitegemea nani anasikiliza. Wajukuu aliwaambia alimpokonya afisa wa Kijapani mkono kwa mkono. Wenzake wa barazani aliwaambia aliiokota ndani ya handaki. Mimi aliniambia nisiulize mambo ya watu wazima, nami wakati huo nilikuwa nimeshaota mvi mbili.

Sasa nieleze alichokitaka, maana bila hilo yote yaliyofuata yataonekana wazimu mtupu.

Nyumba ile ilikuwa na kazi yake katika mtaa. Tangu enzi za babu yake baba mkwe, wao ndio waliopiga mlio wa kufungulia wakati wa Ramadhani. Mtaa wao uko pembezoni mwa Mambrui, nyumba zimetawanyika mashambani, na sauti ya mwadhini kwa koo tupu haifiki kote. Basi jua likishazama, mtu wa nyumba ile hutoka barazani na gobori la kushindilia baruti, bila risasi, akalipiga juu. Hapo ndipo watu hutia tende mdomoni. Hata mwadhini wetu, ambaye macho yake yalikuwa yamefanya ukungu, alikuwa akisubiri mlio ndipo aadhini.

Mwaka uliotangulia, katika siku za mwisho za mfungo, gobori lilipasuka. Halikumuua baba mkwe; liliondoka na nyusi zake tu. Nyusi ziliota tena, gobori halikuota. Ikawa ndiyo nafasi aliyoingojea mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mtu mnene mwenye maneno matamu, kusema kwamba zama zimebadilika na msikiti ununue kipaza sauti. Mwenyekiti alikuwa na duka la redio na betri. Sisemi zaidi ya hapo.

Baba mkwe alisimama msikitini akasema anayo silaha nyingine. Wakajadiliana sana, na mwisho wakampa sharti. Atapiga mlio Ramadhani hii kwa silaha yake. Jioni moja tu ikipita bila mlio, kazi imekwisha, na kipaza sauti kitapanda juu ya msikiti.

"Babu yangu hakukosa," akaniambia pale kibandani, sasa kwa sauti ya chini. "Baba yangu hakukosa. Mimi nami sitaki kuwa ndiye wa kukosa."

Nikaivuta taa karibu.

Shida ya kwanza ilikuwa risasi. Risasi za bastola ile Wajapani waliziacha kuzitengeneza tangu walipokubali kushindwa, na baba mkwe mwenyewe alibaki nazo chache zilizofanya kutu ya kijani, ambazo nilimwomba asizitingishe. Ikabidi twende kwa Mzungu mmoja mzee aliyekaa nje ya mji upande wa kusini. Zamani alikuwa mwindaji huko bara. Serikali ilipopiga uwindaji marufuku alibaki na nyumba, mbwa, na meza iliyojaa zana za kutengenezea risasi, zote na vibali vyake, asizokuwa na kazi nazo tena. Alizipangusa vumbi kama mjane anavyopangusa picha ya marehemu.

Aliigeuzageuza bastola, akaipeleka puani akainusa. "Hii takataka," akasema. "Lakini takataka mzuri sana."

Baba mkwe alichukia hapohapo. Ilipotokea kwamba Mzungu naye alipigana Burma, mambo yakazidi kuharibika. Wazee wawili wale, waliokuwa upande mmoja wa vita, walianza kupigana vita upya juu ya meza ya chai, kila mmoja akidai kwamba kikosi cha mwenzake ndicho kilichochelewa kufika mtoni. Katikati ya ugomvi Mzungu akauliza bastola ilipatikanaje, na baba mkwe, kwa kuwa alikuwa ameshapandwa na hamaki na hakuwa na muda wa kutunga, akasema kweli: aliinunua kwa askari mwenzake kwa sigara na soksi. Kisha akanitazama. Nikajitia kuangalia mbwa.

Mzungu alichukua maganda ya risasi za bastola ya Kiingereza, yaliyokaribiana na yale ya Kijapani. Yaliingia, lakini vitako vyake vilikuwa vinene, na kile kigurudumu chenye matundu ya risasi kikakwama, hakizunguki. Nikayachukua maganda nikayakereza vitako kwa mashine yangu ya saa, moja baada ya moja, huku wateja wangu wakiniuliza saa zao zitakuwa tayari lini. Mzungu akayatia fataki za kuwashia na baruti, na badala ya risasi akaziba kwa nta, kwa kuwa tulichohitaji ni kelele, si maiti.

Tukaenda nyuma ya nyumba yake kujaribu. Baba mkwe akainua mkono, akavuta. Ikasema "ka", basi. Akavuta tena. "Ka." Mbwa, aliyekuwa amekimbilia chini ya gari kwa tahadhari, akatoka akaja kutulia miguuni petu.

Tuliifungua bastola tukaona springi ya nyundo yake imechoka. Hapo nilifurahi, maana springi ndizo chakula changu. Nilichonga nyingine, ikawa laini mno. Nikachonga nyingine, ikawa ngumu hata baba mkwe akawa anavuta kifyatulio kwa vidole viwili huku ulimi umemtoka. Ya tatu ikakubali. Bastola ikalia mlio wa haki, mkavu, uliowatoa kunguru wote kwenye mikorosho ya Mzungu. Baba mkwe alicheka. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kadhaa na sikuwa nimeyaona meno yake yote.

Lakini furaha haikukaa. Ilikuwa inalia leo, kesho inasema "ka". Mzungu akailaumu springi yangu, mimi nikazilaumu fataki zake, na tukafika mahali pa kutosemeshana. Mpaka siku moja bastola ikiwa juu ya meza yangu, nikawa naipangusa kwa kitambaa, nikaona kigurudumu kinazunguka chenyewe polepole, kikifuata kitambaa. Nikakipuliza kwa mdomo. Kikazunguka. Bastola nyingine kigurudumu hushikwa mahali pake mpaka uvute. Hii ya Mjapani, usipovuta, hakuna kinachokishika. Ukiitia mfukoni, kimezunguka. Ukiitoa, kimezunguka tena. Na baba mkwe siku zote alikuwa akitia risasi moja tu, akiielekeza mahali pake kwa uangalifu, kisha anaitia bastola kibindoni anakwenda nayo. Mpaka avute, risasi imeshahama.

"Kwa nini watia moja, baba?"

"Futari ni ngapi?"

Nikamwambia ajaze matundu yote, ndipo popote kitakapozunguka patakuwa na risasi. Akasema hiyo ni israfu. Mzungu akamwambia kwamba jeshi la Japani lilijaza yote na halikuona israfu. "Ndiyo maana lilishindwa," akasema baba mkwe. Lakini alikubali.

Ramadhani ikaingia na masika. Mawingu yalikaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, na mvua ikaja na kuondoka inavyotaka. Jioni ya kwanza nilipanda baiskeli nikaenda Mambrui mapema ili niwepo. Watu walijipanga njiani kutazama, wengine kwa mapenzi, wengine kwa matumaini ya kuona nyusi zikiondoka tena. Baba mkwe akatoka barazani amevaa kanzu safi na koti lake la zamani, akainua mkono juu ya shamba tupu, akavuta.

Ikalia. Mwadhini akaadhini. Mama mkwe, ndani, akapiga kigelegele, akanyamazishwa, akapiga cha pili.

Na ikalia jioni ya pili, na ya tatu, na nyingi zilizofuata. Mwenyekiti alikuwa akipita kila siku karibu na magharibi, ati anatafuta mbuzi wake aliyepotea. Mbuzi huyo sijapata kumwona mpaka leo.

Sijui nani alimsifia mgema wetu, lakini tembo lilitiwa maji. Alipoona mambo yamenyooka alianza kuona uchungu wa risasi. Pasipo kuniambia, akarudi kwenye ubahili wake: akawa anatia risasi mbili tu, na matundu mengine anayatia maganda matupu yaliyokwisha kupigwa, na kwa kidole gumba anakumbuka nzima ziko wapi. Siku chache Mungu alimsitiri. Kisha jioni moja, watu wameshika tende, ikasema "ka". Ikasema "ka" tena. Mara ya tatu ikalia. Hakuna aliyechelewa kufuturu hata kwa kufumba jicho, na sharti halikuvunjika. Lakini mwenyekiti, mbuzi wake bado hajaonekana, akasema akipita, "Leo imepiga chafya kwanza, mzee."

Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka, kabla sijauona uso wa baba mkwe.

Neno lile lilimchoma. Mke wangu alikuwa kwao wiki ile, na ndiye aliyenisimulia: babake hakulala. Alikuwa akiogopa kidole chake, kwamba kimezeeka, kwamba hakivuti upesi mara ya pili ya kwanza ikikataa. Akaamua kukizoesha. Mchana, watu wakiwa wamelala kwa saumu, anakaa uani anavuta juu ya maganda matupu, akikirudisha kigurudumu kabla hakijafika penye risasi nzima, ka, ka, ka, mpaka mama mkwe akamwuliza kama anapukuchua mahindi.

Siku yenyewe nilikuwapo. Nilikuwa nimealikwa kufuturu, nikafika baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imening'inia, mbingu zimekuwa nyeusi upande wa bara, na ndani ya nyumba taa ya kandili imeshawashwa. Mama mkwe na mke wangu walikuwa wametandika mkeka: tende, kaimati zinang'aa kwa shira, mbaazi za nazi, muhogo, uji wa pilipili manga unatoa moshi. Nilikaa mbele ya kaimati. Mtu aliyefunga hapaswi kukaa mbele ya kaimati, lakini mkwe hukaa anapoonyeshwa. Baba mkwe alikuwa uani, anakizoesha kidole. Ka. Ka. Ka.

Paa!

Nilikuwa na saa mkononi. Ilikuwa saa nzuri, niliisafisha mwenyewe, haikimbii wala haichelewi. Sikuitazama. Nilisema bismillahi, nikatia kaimati mdomoni. Mke wangu akanywa maji. Mama mkwe akapiga kigelegele chake. Na mwadhini, maskini, aliyekuwa amekaa msikitini anasoma kwa moyo, akaruka akaenda kuadhini, adhana ndefu tamu iliyosambaa mtaa mzima, na nyumba baada ya nyumba tukasikia vyombo vikilia.

Nilikuwa nimefika kwenye kaimati ya nne baba mkwe alipotokea mlangoni, bastola mkononi, midomo mikavu.

"Msile," akasema.

Mke wangu akatua kikombe.

"Msile. Haijawa magharibi. Ilikuwa upande wa pili, ile risasi nzima. Ilikuwa upande wa pili."

Ndipo nikaitazama saa. Bado ilikuwa zaidi ya saa nzima. Na kama kwamba aibu hiyo haikutosha, mawingu yakapasuka upande wa Magarini, na jua likachungulia juu ya minazi, zima, jekundu, halina haraka hata kidogo. Mwanga ukaingia mlangoni ukapiga sahani yangu.

Nilitoka nje nikakuta mtaa mzima umetoka. Watu wamesimama mbele ya nyumba zao wanalitazama jua, mashavu yamejaa. Wengine walitema. Wengine walikuwa wamekwisha kumeza na wakabaki wanaomba radhi kwa Mungu kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mzee mmoja akauliza kama aliyekwisha kunywa uji anaweza kumalizia bakuli, maana saumu imeshaharibika na uji utapoa. Mwadhini alikuwa amekaa chini kwenye ngazi za msikiti anajipiga paji la uso. Mitaa mingine ya mji ilikuwa kimya, imefunga vizuri, na nilijua kwamba kabla ya tarawehe watakuwa wanatuimba.

Na mwenyekiti! Habari yake niliipata kwa mfanyakazi wake, aliyeisimulia akiwa ameshika mbavu. Mlio ulipolia mwenyekiti alikuwa dukani, chini ya saa kubwa ya ukutani anayoiuza. Aliinua macho akaiona inasema alasiri. Akasema, "Hii saa imekufa." Akapanda juu ya kiti, akaitingisha, akaitia sikioni, kisha akashuka akala tende. Mtu aliyeapa mbele ya kamati nzima kwamba mlio wa baba mkwe si wa kuaminika aliona afadhali kuikanusha saa yake mwenyewe.

Usiku ule baba mkwe hakungoja kuitwa. Alikwenda msikitini akasimama baada ya swala. Nilikwenda naye, nikasimama nyuma yake. Alisema maneno machache.

"Sikukosea wakati. Nilikosea tundu. Lakini kwenu ni mamoja. Chukueni kazi yenu."

Imamu akasema siku ile kila aliyekula atailipa, na Mungu ni mwenye kusamehe. Nilimtazama mwenyekiti, nikitegemea aseme jambo lake, nami nilikuwa na jibu la kumkata. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Kipaza sauti kikapandishwa. Kilikwaruza, kilipiga miluzi, lakini kila jioni kilitamka. Baba mkwe aliifunga bastola kwenye kanga, akaitia sandukuni, akafuturu mwezi uliobaki ameupa mlango mgongo. Barazani hakutoka. Nilimletea saa ya mfukoni ya babu yake, iliyokuwa mbovu miaka mingi, niliyomtengenezea bila yeye kuniomba, akaipokea akaiweka, hakuifungua hata kifuniko. Nilizoea kumcheka mtu yule, na sikujua kwamba nampenda mpaka nilipomwona hana ugomvi na mtu. Iliniuma. Mke wangu alirudi nyumbani akalia.

Idi ikapita. Zikapita na wiki nyingi. Hilo la kulipa siku ile kila mtu alilijua, na kila mtu alikuwa analiahirisha kimyakimya, kama ada yetu. Waliolianzisha ni wanawake, kisimani. Walikubaliana kwamba kwa kuwa mtaa ulikula pamoja, mtaa ulipe pamoja, siku moja, Alhamisi, na futari ipikwe pamoja. Kisha wakamtuma mwenyekiti. Namna walivyomlazimisha sikuambiwa, lakini mkewe alikuwa miongoni mwao.

Mwenyekiti alifika barazani nikiwapo. Baba mkwe alimkaribisha kwa adabu ya baridi.

"Alhamisi twafunga ile siku," akasema mwenyekiti. "Siku tuliyokula kwa mlio wako."

"Najua. Nami nafunga, ingawa sikula."

"Na watu wataka wafungue kwa mlio wako."

"Mna kipaza sauti."

"Kipaza sauti hakina deni na mtu."

Baba mkwe alikataa. Alikataa mbele yake, akakataa mbele ya mama mkwe, akanikatalia mimi. Jumatano jioni aliniagiza nije na kioo changu cha jichoni na mafuta.

Tulifungua sanduku tukakuta unyevu wa masika umefanya kazi yake. Bastola yenyewe ilikuwa salama, lakini zile risasi zilizobaki zilikuwa zimelala na maji kwa wiki nyingi. Nilikwenda mbio kwa Mzungu. Mtumishi wake akaniambia amekwenda Ulaya kutibiwa meno. Nikamwambia baba mkwe kweli: zaweza kulia, zaweza kutolia, na mimi siwezi kuapa. Alizijaza zote, matundu yote, bila kutaja israfu.

Alhamisi mbingu zilikuwa safi, hata wingu la kusingizia hapana. Watu walikuja kwetu tangu jua limeinama. Walitandika mikeka barazani, uani, mpaka njiani, wanaume huku na wanawake kule, na vyakula vikaja vimefunikwa kawa. Mwadhini aliketishwa mbele ili asikie. Kazi ya kuadhini siku ile alimwachia mtu wa zamu pale kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti alikaa karibu na ngazi, tende mkononi, mbuzi hamtaji tena.

Jua lilizama wazi, mbele ya macho ya watu wote. Kipaza sauti kikapiga mluzi, kikaanza adhana. Baba mkwe akasimama na koti lake, akainua mkono.

Ka.

Akavuta tena. Ka. Adhana ilikuwa inaendelea juu yetu, magharibi halali, hapana aliyeweza kusema bado. Akavuta mara ya tatu. Ka. Adhana ikafika mwisho, kipaza sauti kikakwaruza, kikazimwa.

Aliushusha mkono. Hakutaka kututazama. "Kuleni," akasema. "Kumeadhiniwa. Kuleni, jamani, msijicheleweshe kwa ajili yangu."

Nikageuza macho nikawatazama watu. Tende zilikuwa mikononi. Vikombe vya maji vilikuwa mikononi. Wapo wazee pale ambao midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, na mwadhini alikuwa ameweka tende yake magotini, anangoja. Hakuna aliyetia kitu mdomoni, hata watoto.

"Kumeadhiniwa," akarudia baba mkwe.

"Sisi hatujasikia kitu," akasema mwenyekiti.

Baba mkwe akaipangusa bastola kwa upindo wa kanzu, akainua mkono tena, akavuta. Ka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Taratibu, mzee, tupo." Akavuta.

Ikalia.

Hakukuwa na kigelegele safari ile. Mama mkwe alikuwa analia. Baba mkwe alibaki amesimama, mkono bado juu, moshi unamzunguka, mpaka mwenyekiti alipopanda ngazi akamtia tende yake mwenyewe mdomoni. Alipomwona anatafuna, mwenyekiti akatugeukia akasema bismillahi, nasi tukala.